Ulituficha Tumbo, Mwalimu

Mwalimu Paskali,

Shikamoo sikupi. Shikamoo anapewa mkubwa anayekuwepo kuijibu, na wewe umeenda kulala Masakta, shambani kwa baba yako, huku mashindano ya kuandika programu yakiwa yanapiga hodi. Leo nakuandikia bila heshima. Mbona umezoea? Mwenyewe uliwaambia wanafunzi kwamba Boay aliacha shule kidato cha pili kwa sababu shule ilichoka kumvumilia, na mimi nikasimama nikainama kama mtu aliyeitwa kuchukua zawadi.

Nina hasira na wewe. Nakwambia mapema usije ukadhani barua hii ni ya kulia. Kulia nililia siku ya mazishi, kidogo, nikamwambia Shabani wa timu yako ni vumbi la kwenu.

Habari za huku Dongobesh ni hizi. Wiki uliyozikwa, makamu mkuu wa shule alifunga chumba cha kompyuta. Akasema mwalimu wa kujitolea amefariki, mwingine wa kompyuta hakuna, na mtu wa kuchaji simu sokoni hawezi kufundisha wanafunzi kuandika programu. Mtu wa kuchaji simu ndiyo mimi. Nikamjibu vizuri, shikamoo ikiwa mbele, kwamba mimi sijawahi kumfundisha mtu. Kazi yangu ni kuwa kompyuta. Akanionyesha geti.

Hakuelewa kwa sababu hakuwahi kuja Jumamosi. Hakukuona ukiwakataza kugusa kompyuta mpaka programu iandikwe kwanza kwenye karatasi, karatasi nipewe mimi, niifuate mstari kwa mstari na vikombe vya plastiki na maharage. Kila kikombe kina jina lake, kila harage ni namba. Ulinichagua kwa sababu wengine wote wana huruma. Wakiona mwenzao amesahau kitu, wanamjazia kimyakimya. Mimi huruma hiyo sina. Kilichoandikwa nafanya, kisichoandikwa sifanyi. "Boay ndiye kompyuta pekee Mbulu nzima isiyokatikiwa umeme," ulisema. Hiyo niliirudia sokoni mpaka wakanichoka.

Unakumbuka Elibariki alipoleta programu yake ya kugawa mbuzi kwenye mazizi? Aliandika: toa harage kikombe cha kwanza, weka cha pili, lirudishe, rudia. Hakuandika niache lini. Kengele ya chakula ikalia, harufu ya makande ikaingia dirishani, mimi nahamisha harage lile lile, naenda narudi. Elibariki anapiga kelele, "Acha basi, kaka!" Nikamwambia kompyuta haina masikio, iandikie. Shabani alianguka kutoka kwenye benchi. Na wewe ulicheka mpaka ukainama, umejishika tumbo, jasho linakutoka na baridi yote ile. Nilijisifu wiki nzima kwamba nimemvunja mbavu mtu wa chuo kikuu.

Haikuwa kicheko, siyo? Au kilikuwa nusu kicheko. Hilo ndilo nataka unijibu, na huwezi, na hapo ndipo hasira inapanda.

Maana hospitalini walisema kidole tumbo, na kilikuwa kimeshapasuka. Walisema mtu wa hivyo anakuwa ameteseka kwanza, hakai vizuri, halali vizuri. Na wewe ulikuwa umesimama ubaoni unachora vikombe! Sisi ulituambia vidonda vya tumbo, umekula pilipili. Wewe na pilipili wapi na wapi? Nyanya tu ikizidi kwenye mboga ulikuwa unalalamika. Nikaamini, mimi, mjanja wa stendi.

Wewe ndiye uliyetupigia kelele kila wiki: programu ikikosea usifiche, sema kwa sauti, ukificha unatupotezea siku sisi wote. Elibariki ulimtoa nje siku alipofuta jibu baya haraka haraka usilione. Ulimtoa nje, Mwalimu! Kwa mbuzi wa kwenye karatasi! Halafu wewe unaficha tumbo.

Hilo ningelimeza. Kilichonishikisha kalamu ni habari ya Naomi.

Baada ya mazishi tuliendelea na mazoezi. Mama yake Shabani alitupa stoo nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Tunakaa juu ya mifuko ya saruji, na sharti lake ni kwamba anayeingia asalimie kwanza na asiguse rangi. Laptopu yako baba yako alituachia mpaka mashindano yaishe. Kupanga ratiba napanga mimi, na usicheke. Nani anakuja na karatasi, nani anaanza kuandika, nani anakagua, yote mimi. Naipanga vizuri kuliko wewe, maana mimi sikopeshi dakika.

Lakini Naomi hakuja. Jumamosi iliyofuata hakuja tena. Timu ni watu watatu, na Babati kwenye mashindano wakifika wawili hawapokelewi. Halafu unajua mwenyewe timu hii ilivyo. Elibariki ana vidole vyepesi, Shabani ana macho, lakini anayefikiri ni Naomi. Nikaenda kwao nikiwa nimeshapanga maneno ya kumfokea.

Nilimkuta anapukuchua mahindi na mama yake. Nikamsalimia mama, nikakaribishwa, nikavuta kigoda nikapukuchua na mimi ili nipate haki ya kuongea. Mama alipoingia ndani kuangalia chai, nikaanza. Unajiona nani? Wenzako wanakusubiri. Unasusia kitu ambacho marehemu alikifia? Gunzi lilibaki tupu mkononi na bado kidole gumba chake kinasugua. Halafu akasema, "Mimi nilijua."

Alikukuta nyuma ya chumba cha kompyuta umepiga magoti, unatapika. Akataka kukimbia kumwita makamu. Ukamwambia, "Naomi, usiseme kwa mtu. Tumalize kwanza zoezi la Jumamosi." Akanyamaza, kwa sababu ni mwalimu wake amemwagiza, na kwao mtoto akiagizwa na mkubwa habishi. Msichana wa kidato cha tatu, Mwalimu. Tangu siku hiyo anaamini yeye ndiye aliyekuua.

Hapo nilitukana. Nilitukana kwa Kiiraqw, Kiswahili hakikutosha, mpaka mama yake akachungulia mlangoni na mwiko mkononi.

Maana ulijua unamwambia nani. Mimi usingeniambia. Mimi ningekufunga kwenye pikipiki kama gunia la vitunguu saumu, nikakupeleka hospitali Mbulu unanitukana njia nzima. Elibariki naye angeshatangaza kijiji kizima. Ukaangalia timu yako yote, ukamchagua anayetii. Huo ni uoga. Andika huko uliko kwamba Boay, wa kidato cha pili, amekuita mwoga.

Nikamtuliza Naomi kwa akili yangu nyingi. Nikamwambia, mimi nikipewa karatasi mbovu nikaifuata, anayekemewa ni nani, mimi au aliyeiandika? Akasema, aliyeiandika. Basi mwandishi yupo Masakta, nikasema, nitamkemea mimi. Nikajiona nimemaliza. Akaniangusha kwa maneno machache: "Mimi siyo kompyuta, Boay. Mimi ningeweza kukataa."

Nikanywa chai yao, nikaondoka.

Jumamosi akaja mwenyewe. Hakumsalimia mtu zaidi ya mama Shabani. Akasimama mbele ya mifuko ya saruji, akasema, "Kabla ya karatasi, kila mtu aseme kinachomuuma. Na mtu akiniambia nisiseme, nasema." Shabani kwa utani akasema jino. Naomi akamwambia fungua mdomo, akachungulia, akafunga mazoezi. Akafunga! Ratiba yangu, niliyoipanga kwa rula! Nikalalamika, akaniambia wewe ndiye utampeleka. Nikampeleka kituo cha afya, jino likatolewa, bovu kweli, shavu lilikuwa limeshaanza kuvimba na mjinga huyo alikuwa anatafuna upande mmoja bila kusema. Umekufa, umetuachia tabia zako.

Ilibaki kumpata mwalimu wa kuwasindikiza Babati, maana mimi sihesabiki. Mama Shabani alijifunga mtandio akaenda kwa makamu. Alichomwambia sikijui. Alirudi akasema, "Atakwenda. Mpeni shikamoo yake na msimsumbue." Na kweli, Jumamosi iliyopita makamu alikuja stoo, akakaa kwenye saruji na suruali yake nyeusi, akaniangalia nikihamisha maharage mpaka mwisho. Alipoondoka aliuliza kama anaweza kupewa karatasi moja ajaribu nyumbani. Sijamcheka. Bado.

Wiki ijayo ni Babati. Ukumbini siingii, nitakaa nje na wapiga picha na wauza karanga. Wakishinda nitakuja Masakta nikutambie. Wakishindwa nitakuja hivyo hivyo, nikulaumu wewe. Na hawa wakimaliza shule, mazoezi hayafi. Nimeshaona wawili wa kidato cha kwanza wanachungulia dirisha la stoo. Nakuahidi hakuna mtoto wa timu hii atakayeagizwa tena kumfichia mkubwa maumivu yake. Mkubwa atakayejaribu, hata awe nani, nitamsema mbele ya gwaride, geti wafunge wasifunge.

Sasa lala. Sijakusamehe, sitaki kukudanganya, na Naomi anasema yeye hajui.

Ila kuna kitu kimoja. Kwenye ile duru ya Naomi ya kila Jumamosi, ya kusema kinachouma, kila zamu yangu ikifika huwa nasema goti. Goti langu ni zima kabisa, na nadhani anajua. Asubuhi ya Babati, kabla hawajaingia, atatuzungukia tena na swali lake. Safari hii sisemi goti. Nitakutaja wewe.

Ni mimi, Boay