Picha ya Wodi Isiyo na Paa

Nyumba za Wauguzi, Na. 4,
S.L.P. 61.
Jumapili, 14 Juni, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo? Na watoto, wazima wote? Natumaini barua hii itawakuta salama, na kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa tatu kimekwisha. Kama bado, nenda ukapimwe, usinipe habari za kunywa maji ya moto. Umeoa na una watoto wawili, lakini kwa mambo ya dawa bado nakujua mimi.

Sisi huku hatujambo. Miguu yangu inalalamika nikishika zamu mbili mfululizo, basi, nimeizoea. Mama mzima, anakula na anagomba vizuri tu. Macho yake ndiyo yanazidi kufifia. Sasa ananitambua kwa mlio wa viatu, na nikivua viatu ananiuliza mimi nani. Asante kwa miwani uliyomtumia. Haikumsaidia sana, lakini anaivaa, hasa wakija wageni.

Na huko baridi imepungua? Lile sweta la kijivu nililokufumia bado linakufaa? Nakumbuka uzi uliniishia nikiwa nimebakisha kipande cha mkono wa kushoto, nikamalizia kwa uzi wa njano wa kofia za watoto wachanga. Ukatuandikia kwamba wenzako kazini wanakuita Mkono wa Njano. Tulicheka mimi na mama mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Sasa nikupe habari za huku. Leo ni nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo kaa vizuri.

Rafiki yako Kipaza anagombea tena ubunge. Nasema rafiki yako, ingawa kwa kweli ni mtoto wa nyumba hii. Mlikaa dawati moja miaka saba, na jina la Kipaza ulimpa wewe, kwa kuwa mwalimu akimuuliza swali, jibu lilisikika hadi darasa la pili. Mara ngapi alikula kwetu? Mama alipopakua hakutofautisha, alisema tu "wanangu". Siku hizi ni Mheshimiwa, ana walinzi wawili na gari lenye vioo vyeusi, lakini akija kwetu bado anavua viatu mlangoni na kuniita dada.

Miaka mitano iliyopita uliniandikia: "Dada, mshike mkono, wewe watu wanakusikiliza." Nikamshika. Siasa hunipa kichefuchefu, unanijua. Nilimshika kwa sababu uliniomba wewe, na kwa sababu ya wodi. Chumba chetu cha kuzalishia pale zahanati kina vitanda viwili, katikati kuna pazia nililolikata kutoka kwenye shuka la zamani. Wakija watatu, mmoja anajifungulia kwenye mkeka. Kipaza akaahidi wodi ya wazazi, nami nikazunguka naye nyumba kwa nyumba siku zangu za mapumziko. Nusu ya watoto wa mitaa hii nimewapokea mimi, kwa hiyo milango ilifunguka. Watu hawakumchagua yeye, walinichagua mimi kupitia yeye. Najua kusema hivyo ni kujisifu.

Akashinda. Wodi ikaanza, kuta zikapanda mpaka juu ya madirisha, zikakomea hapo. Mwaka wa tatu huu haijaongezeka hata tofali moja. Majani yameota ndani mpaka magotini, na mlinzi wa zahanati amepageuza mahali pa kuanikia nguo zake.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili alikuja kuomba tena. Alikaa sebuleni kwenye kile kiti ambacho mguu wake umefungwa waya, akajishika magoti, akasema, "Dada, miaka mitano hii nilikuwa najifunza kazi. Hii inayokuja ni ya kuezeka. Mimi siendi popote." Mama alifurahi, akamshika kichwa kama enzi zile. Wiki ileile ikafika barua yako. Uliniambia nimshike mkono tena, kwamba Kipaza ametulia, anachotaka ni kumaliza alichoanza. Basi mimi nani nibishe? Nikafunga kamba za viatu, nikatoka.

Kila mlango nilisema hivyohivyo, haendi popote. Fundi viatu wa pale kona alinicheka waziwazi. "Mkunga, huyu anaota Ikulu. Utakuja kuniambia." Nikamjibu kwa hasira kwamba anachokijua yeye ni soli. Siku hizi nikipita pale nageuza shingo upande wa pili.

Mwezi wa nne Kipaza akatuletea mpiga picha. Alisema anataka picha za wodi ili kuwashawishi watu wa kutuezekea. Mpiga picha akachungulia chumba chetu, akaona kina giza. Akaenda kwenye zile kuta, akarudi anachekelea, kule kuna mwanga mzuri sana. Kwa nini kusiwe na mwanga, na paa hakuna? Tukafyeka majani. Tukabeba vitanda vyote viwili, mimi, mhudumu wa usafi na mlinzi, tukavipanga humo ndani na kutandika shuka mpya. Nikapiga pasi gauni langu jeupe, nikasimama kando ya kitanda na kutabasamu kama nilivyoelekezwa.

Sasa sikiliza. Wakati ule ndani kulikuwa na binti mmoja, mimba ya kwanza, uchungu umekolea. Nilimlaza kwenye mkeka. Nilimwambia avumilie kidogo, ni kwa faida ya wazazi wenyewe. Saa nzima alikuwa chini, anauma khanga yake, na mimi niko juani natabasamu. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Lakini nilipomkabidhi, yule binti alimpokea bila kunitazama usoni.

Wiki mbili zilizopita nikapata bahasha kutoka kwa shoga yangu tuliyesoma naye uuguzi, yule anayefanya kazi kule mpakani, safari ya siku mbili kwa basi. Ameandika: "Hongera! Mmepata wodi kama ya hospitali kuu. Nimekuona kitabuni, wala huzeeki." Ndani mlikuwa na kitabu cha kurasa ishirini, karatasi ya kung'aa. Juu ya jalada yupo Kipaza, mkono kifuani, macho yanatazama mbali sijui nini. Chini yake maandishi: "Rais Tunayemsubiri." Walikuwa wanavigawa kwenye mkutano wake huko.

Uchaguzi wa rais ni miaka miwili baada ya huu wetu, unajua. Kwa hiyo huku anatuambia haendi popote, na kule anawaambia wengine yuko njiani.

Ukurasa wa sita ni mimi. Niko kando ya kitanda, gauni limenyooka, meno yote nje. Picha wameikata juu kidogo ya kichwa changu, anga isionekane. Chini wameandika: "Wodi ya kisasa aliyoijenga na kuikamilisha. Wauguzi wanamshukuru." Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa chini.

Nilimfuata Jumatano. Alikuwa na kikao na wazazi katika ukumbi wa shule ya msingi. Nikangoja foleni ya wapeana mikono ikaisha, nikamfungulia ukurasa wa sita. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonikata maini. Alinivuta pembeni, karibu na marundo ya madawati mabovu, akaongea kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Dada, usikasirike. Kile kiti ni cha kujaribu. Hiki ndicho cha uhakika. Nikikikosa kile, si nitakuwa bado ninao ninyi?"

"Na ukikipata?"

Akacheka, akanipiga begani. "Hapo sasa utakuwa dada wa rais."

Tangu siku hiyo jibu lile linanizunguka kichwani hata nikiwa nafunga kitovu cha mtoto. Kutaka urais si kosa. Angekuja akakaa kwenye kiti chetu kibovu akaniambia, dada, nataka Ikulu, labda ningemcheka, labda pia ningefunga kamba za viatu. Lakini anachotuomba si kura ya kutufanyia kazi. Anataka tumtandikie godoro huku nyuma, asije akaumia akianguka. Miaka miwili atakuwa anazunguka nchi nzima na picha ya wodi yetu, na kuta zenyewe zitabaki na nguo za mlinzi. Chumba kimoja kimemshinda kuezeka, na anataka nchi. Hata aibu ya kuficha jambo hilo hana, ameliweka kwenye karatasi ya kung'aa.

Nimekuandikia yote haya kana kwamba nakupa habari. Nifike sasa mahali ambapo kalamu imekuwa ikipakwepa tangu mwanzo.

Ukurasa wa kumi na nne una picha ya ukumbi mkubwa. Maelezo yake yanasema ni marafiki walio nje ya nchi, siku walipompokea na kumwahidi kuwa naye hadi Ikulu. Watu wamesimama wanapiga makofi. Safu ya pili, nyuma ya bwana mmoja mnene, kuna mtu ambaye uso wake umefunikwa nusu na bega la mwenzake. Mikono yake inaonekana vizuri. Ni ya sweta la kijivu, na wa kushoto umeishia kwa njano.

Tarehe ya picha imeandikwa, 11 Januari. Barua yako ya kuniambia Kipaza ametulia nimeitoa kwenye sanduku la mama na kuiweka kando yake mezani. Ina tarehe 25 Januari.

Ulijua, mdogo wangu. Ulisimama ukapiga makofi, ukarudi nyumbani, zikapita wiki mbili, ukachukua kalamu ukanituma kwenye milango ya watu. Kipaza nimemkasirikia, na hasira juu ya mwanasiasa huwa zinaisha. Wewe nilikubeba mgongoni. Nilikufundisha kuandika herufi kwa fimbo kwenye mchanga wa uani, na herufi hizohizo ndizo ulizonidanganyia. Nimeumia. Nimetafuta namna ya kulisema hili kwa upole, nimeikosa.

Mama aliposikia kuna kitabu cha Kipaza alivaa miwani yake, akataka nimsimulie ukurasa mmoja mmoja. Nikamsimulia. Wa sita nilimweleza wote, na yule binti wa mkekani nikamtaja. Akaniuliza kama nilikuwa nimechana nywele siku hiyo. Sikujua nicheke au nilie. Tulipofika wa kumi na nne nikamwambia ni tangazo tu, nikafunua haraka. Sikuwahi kumdanganya mama. Nimeanza uzeeni, kwa ajili yako.

Jumamosi ijayo ni mkutano wake wa mwisho. Kwenye ratiba imeandikwa kwamba mkunga wa zahanati atamkaribisha mgombea. Hawajaniondoa, nadhani anaamini sitathubutu. Nitapanda jukwaani. Nitavaa gauni lilelile, na nitawaambia watu ile picha ilipigwaje na nani alikuwa chini kwenye mkeka. Milango ile niliifungua mimi, siwezi kumwachia mtu mwingine kazi ya kwenda kusema samahani. Yule binti nimeshamwendea, jana asubuhi. Alinisikiliza huku anafua, na alipotaka kuanika nguo alinipa mtoto nimshike. Fundi viatu namwacha awe wa mwisho, maana huyo atanitania mwaka mzima.

Karani wa Kipaza amenipitia zahanati akaniambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba wauguzi wanahitajika sana kule mpakani. Nimemwelewa. Nikihamishwa, itabidi tutafute atakayekaa na mama, na hilo linaninyima raha kuliko yote. Tena wodi huenda asije yeyote akaiezeka. Nimeyapima hayo yote. Bado nitapanda.

Jina lako sitalitaja huko. Ukurasa wa kumi na nne nimeuchana, utaukuta ndani ya bahasha hii, umekunjwa pamoja na barua. Hayo ni ya nyumbani.

Utakapoisoma hii, Jumamosi itakuwa imepita zamani, kwa hiyo sikuombi uniokoe na chochote. Nakuomba jambo moja. Chukua kalamu umwandikie mama. Mimi usiniandikie kwanza. Mweleze yeye ulijua nini, na ulijua lini, na kwa nini ulinituma. Macho hana, kwa hiyo msomaji nitakuwa mimi. Nitamsomea neno kwa neno, na safari hii siruki ukurasa.

Msalimie sana wifi, mwambie ile dawa ya kusugua mgongo mama ameipenda. Msalimie Bibi Mdogo, na kaka yake Mcheshi, waambie shangazi yao anawafumia kofia. Mjomba wa ng'ambo ya reli anakusalimu, na mama anakusalimu kila asubuhi kwa jina, mbele ya dirisha, kana kwamba uko uani.

Mungu awaweke wote, na wewe akupe moyo wa kusema kweli. Sweta livae baridi ikija. Nililifuma upate joto, na hilo sijalibadilisha.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Mkunga.