Meno ya Mama Mkwe Yamo Kwenye Mboji

Wilmar mume wangu,

Mama yako mpikie supu, mikate ya arepa asahau. Asubuhi nilimwaga ndoo ya maganda na meno yake ya bandia yakiwemo, tukayashindilia kwenye mboji ya mtaa kwa miguu, majirani wote, tukicheza kumbia. Doña Nohemí, mkuu wa bustani, kagoma: "Ikishakanyagwa haifunguliwi mpaka iwe udongo, mwanangu, hata angezikwa padre humo!"

~~Mwambie Mama meno yapo kwa fundi.~~ Ameshajua, yuko huko bustanini anachimba kwa koleo. Nakimbia kumsaidia.

Don Anselmo anakuja jioni kumposa Mama, naye ameapa hafungui mdomo akiwa kibogoyo. Tukiyakosa, mweleze mzee wa watu: Mama akiinamisha kichwa, amekubali. Na wewe usicheke.

Mkeo, mama Salomé