Ngazi za Bi Usiguse

2 Juni

Binti yangu, Bi Usiguse,

U hali gani? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima kama chuma. Jana nimeshuka ngazi zote peke yangu, mkono mfukoni, napiga mluzi.

Uongo. Nilifika kona ya kwanza, magoti yakagoma kama punda, nikakaa pale mpaka fundi viatu wa chini akaja kunisukuma juu kama gunia. Tangu mvua zianze sijakanyaga barabara. Naiona tu.

Ngazi zako nzuri, sikatai. Zimesimama wima, nakshi kila mahali, pa kushika hapana. Nifungie bomba la kushikia ukutani. Moja tu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwenzangu, anafunga duka mwisho wa mwezi, anahamia kwa mwanawe, mbali. Ndevu zangu hajazigusa mtu mwingine tangu zilipoota. Nataka kukaa kwenye kiti chake mara moja kabla hajaondoka. Usiniambie apande yeye. Magoti yake na yangu ni mapacha. Tunapigiana kelele dirishani kama kunguru.

Barua nimeishusha kwa kikapu, fundi viatu atakuletea ofisini kwenu, huko mnakohifadhi majumba ya kale. Simu sitaki. Kwenye simu unaniambia "baadaye". Kwenye karatasi utaona haya.

Baba yako

9 Juni

Baba, shikamoo.

Kikohozi kimepungua. Magoti unayapaka ile dawa, au umeificha chini ya godoro?

Bomba siwezi, Baba. Kanuni ya ngazi za zamani niliiandika mimi mwenyewe: hata msumari hauingii. Ndiyo niliyosimama nayo mbele ya tingatinga, mtaa wako ulipotakiwa kubomolewa wote. Mwaka jana mjane wa nyumba ya kona aliniomba bomba hilo hilo. Nikamkatalia, akalia mbele ya meza yangu. Leo nimfungie baba yangu? Kamati ya uhifadhi itanitoa, na atakayekuja nyuma yangu hataki ngazi, anataka maegesho ya magari. Kazi yangu yote inaning'inia kwenye msumari huo mmoja.

Njoo ukae kwangu. Kuna lifti.

Binti yako

15 Juni

Binti yangu, marahaba.

Dawa iko chini ya godoro. Godoro sasa halina maumivu kabisa.

Kwako siji. Lifti yako ni kabati linalotembea, na kinyozi yuko huku.

Jana wanafunzi wanaojifunza kazi kwako walikuja kupima dirisha. Wakanipima na mimi, maana nilikuwemo. Mmoja mtundu akaniuliza nimejengwa mwaka gani. Nikamwambia, "Muulize Bi Usiguse. Nadhani nami kanihifadhi, ndiyo maana siruhusiwi kutoka." Wakacheka. Mimi sikucheka sana. Mchana ni mrefu huku juu, mwanangu. Kunguru nimeshawajua kwa sura.

Swali dogo. Lile gurudumu la kamba juu ya dirisha langu, roda iliyokuwa ikipandisha magunia nyumba hii ilipokuwa ghala: kanuni yako inasemaje juu yake? Nauliza tu.

Baba yako

18 Juni

Baba, shikamoo.

Nina haraka, kamati inakaa. Kanuni inasema roda itunzwe ili iendelee kufanya kazi. Tumeifunga kamba mpya na kuijaribu kwa mifuko ya saruji mizito kuliko wewe. Ukisikia inalia, niambie waje kuipaka grisi.

Baba, kwa nini unauliza?

Binti yako

29 Juni, dukani kwa kinyozi

Binti yangu,

Hujambo? Usijibu, najua umeshasikia.

Ndiyo, nimeshuka kwa roda. Nimekaa kwenye kiti changu, nimefungwa kwa mashuka, wapagazi wa sokoni wameshika kamba, fundi viatu anaamrisha kama jemadari. Mtaa mzima shingo juu. Mjane wa kona akapiga vigelegele. Nilifumba macho, ukiulizwa, sema yalikuwa wazi. Mtu wa kamati yako akaja na uso wa ndimu. Nikamwambia, "Kanuni inasema ifanye kazi. Imefanya."

Kidevu changu laini kama yai. Kinyozi alininyoa shavu moja mara mbili, akasema ni uzee. Nikamuuliza, "Na hayo machozi, nayo uzee?"

Ila nikwambie la kweli. Wapagazi wanasema kumshusha mtu sawa, kumvuta juu hawathubutu. Basi kitanda kiko juu, nami niko chini, naitazama nyumba yangu kama mgeni mwenye kamera. Nilikuwa nimefungiwa ndani, sasa nimefungiwa nje. Kinyozi kaniachia chumba cha nyuma mpaka kodi aliyokwisha kulipa iishe. Ukirudi kwenye kamati, anza na bomba la mjane. Mimi niweke nyuma yake, asije mtu akasema umempendelea baba yako.

Sasa deni. Nilikubeba mgongoni ngazi zile zile kila jioni, ukijifanya umelala, mpaka ukaota meno ya pili. Sijawahi kudai. Leo nadai safari moja. Meno yangu yamebaki kwenye bilauri, dirishani. Kinyozi anaondoka kesho asubuhi, na sitaki anikumbuke nikicheka kama kichanga. Panda uniletee. Ukifika kona ya kwanza, tafuta pa kushika.

Baba yako