Fimbo ya Nsajigwa

Shosti, Pudensiana kaumbuliwa huko Suma, mbele ya wazee wa kanisa waliokuja kupanga ndoa yake!

Mama mkwe mtarajiwa alimtuma kuni msituni, akamsindikiza hadi ukingoni. Pude mgeni, katokea Tabora, akauliza, "Mama, huu mmea wenye maganda ya manyoya haudhuru?"

"Hauna neno mwanangu, fungia kuni."

Upupu, shosti. UPUPU!

Karudi anajikuna shingo mpaka damu, anapiga kelele, kitenge kimemdondoka. Mama akawageukia wazee: "Si niliwaambia ana mapepo?"

Pude akamlilia mchumba wake, "Nsajigwa, sema basi!" Nsajigwa, mzaliwa wa palepale, akajibu hajui mwenzake ana nini.

Halafu akatafuta fimbo, akausukuma ule mzigo wa kuni mbali na miguu ya wageni. Kwa fimbo, shosti. Mkono hakuugusisha.