Wandera na Mirija Isiyo ya Soda

Wandera rafiki yangu,

Mazishi yako huko Busia yalienda vizuri mpaka mchungaji akafikia kazi yako. Nilikuwa nimemweleza polepole: marehemu alikuwa anakata mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, ili ilingane urefu na ichanganyike vizuri na rangi ya kupaka, rangi ipitishe umeme. Akasimama akatangaza, "Ndugu yetu alikuwa mtengenezaji mashuhuri wa mirija." Shangazi yako akauliza kwa sauti, "Ya soda?" Majirani zako waliosafiri kutoka Kamenu wakaangua kicheko. Nami nikacheka huku nalia, kamasi zikanitoka mbele ya mamako. Juzi mtu aliyekuwa hapo mazishini alinipigia simu anataka mirija ya harusi ya bintiye. Ya zambarau.

Hapa kiwandani Ruiru, stuli yako hakuna aliyeikalia. Mzee Harjit, mdosi wetu, alikuja akatazama chupa zetu nyeusi. "Njoki, mimi nauza rangi. Hii masizi yenu imenisumbua, na sasa imebaki na mtu mmoja. Jaribu mara ya mwisho, halafu tufunge." Nikaenda chooni nikakutukana. Mtu gani anakufa na nimonia kazi ikiwa katikati?

Unakumbuka tulivyokuwa? Tunatumbukiza chuma cha ile mashine ya mawimbi ya sauti kwenye maji ya sabuni yenye mirija, inalia kama nguruwe anayechinjwa, nawe unaongeza nguvu hadi mwisho ukipiga kelele, "Itakatika tu!" Mingine ilitoka vumbi, mingine mirefu imesokotana kama nywele zisizochanwa, na rangi ikajaa madonge. Barafu ya kupoza chombo tuliomba kwa mama wa juisi, ambaye aliamini tunakunywa pombe kazini. Niliporudi kwake aliuliza, "Na yule mlevi mwenzako ako wapi?" Nikamwambia. Akanijazia ndoo, akaketi juu ya kreti.

Mara hiyo ya mwisho nilikuasi. Nguvu kidogo, mashine ilie, ipumzike, ilie tena. Kisha nikayazungusha yale maji kwa kasi kwenye mashine nyingine, mirefu na iliyosokotana ikazama, nikachota ya juu. Ya chini nikairudisha ikakatwe upya. Picha ya hadubini ilipofika kutoka chuo kikuu nilikopeleka sampuli, nilipiga nduru mpaka mlinzi akaja mbio na rungu. Mifupi na imelingana yote, Wandera. Yote! Mzee Harjit akapaka rangi yetu kwenye kipande cha plastiki, akaunganisha betri na kitaa kidogo, na kikawaka, umeme ukipita ndani ya rangi. Akasema "Haya," akatoka haraka akitafuta leso. Hatufungi.

Ile picha nilimpelekea mamako ndani ya fremu. Ameitundika sebuleni. Wageni wanadhani ni dagaa wa omena walioanikwa. Anawaacha wamalize, halafu anawaambia, "Ni kazi ya mwanangu. Tafuta moja iliyozidi mwenzake."

Sasa lala, rafiki yangu. Mashine nitaziangalia. Na nakuahidi Krismasi nitaenda kwa mamako. Amesema niende na njaa, kwa sababu bado hajazoea kupika kidogo.

Njoki