Baba Hataki Kufungwa

9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mimi mzima, ila mgongo. Baba yako anaendelea hivyo hivyo: mkono wa kulia bado mzito, na maneno yanamtoka nusu nusu. Naandika kwa sababu nikipiga simu anasikia ninavyomsema, na kuta za nyumba hii unazijua.

Yule dada wa mazoezi pale kliniki anasema baada ya kiharusi akili nayo inataka mazoezi, kwa hiyo acheze sataranji kila siku. Rafiki zake walikuja mara mbili, wakakaa na ule ukimya wake, wakapotea. Nimebaki mimi. Miaka yote wao wakicheza, kazi yangu ilikuwa kuleta chai. Sasa kila saa kumi naacha cherehani, nakaa mbele yake, ananifunga kabla chai yenyewe haijapoa. Halafu anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Najua kete zinavyotembea, basi. Wewe ulikuwa ukicheza shuleni. Nifundishe.

Mama yako

20 Februari

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo, na umpe Baba pole yangu. Mimi sijambo. Wiki hii lifti ya jengo la ofisi imekwama mara tatu, nimeshinda kwenye shimo lake na grisi mpaka masikioni. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya boksi la vifaa.

Mama, usisogeze kete kwa sababu tu zamu yako imefika. Akishacheza, jiulize kwanza: anataka nini? Kisha tazama, kuna kete yako inayoweza kumtishia mfalme wake? Kuna kitu cha kula bure?

Halafu mpende farasi. Yeye anaruka, watu humsahau. Mtafutie mahali ambapo akitua anamtishia mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Mfalme lazima akimbie, na malkia unamla. Panga kete peke yako ukiwa na nafasi, ujizoeze kuliona hilo mpaka jicho lizoee.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo.

Nilijizoeza mezani, kando ya cherehani, katikati ya kola za sare za shule. Wiki ya kwanza hola. Nilikuwa namwona farasi wangu vizuri, nasahau wa kwake. Wiki ya pili nikaanza kumchelewesha. Ijumaa iliyopita akamsogeza mfalme wake pembeni, nikatazama, nikatazama tena. Farasi wangu akatua. Mfalme huku, malkia kule.

Akasema, "Ah." Nikamla malkia. Baada ya hapo ilikuwa suala la muda tu. Nikamfunga, mwanangu! Mimi!

Akapitisha mkono wa kushoto juu ya ubao, kete zote chini. Askari mmoja nimemkuta chini ya kabati. Tangu siku hiyo hachezi, hasemi, anakula ameelekea dirishani. Dada wa mazoezi ameniuliza mbona amerudi nyuma. Ningemjibu nini? Kwamba nimemla malkia?

Mama yako

24 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilicheka, kisha sikucheka tena. Mama, mwachie ashinde. Mchezo mmoja tu, arudi mezani. Ni mgonjwa. Hutapungukiwa na kitu.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Miaka thelathini na minne nimekuwa nikimwachia ashinde. Simwachii na hili.

Mama yako

2 Mei

Shikamoo Mama,

Wiki ya tano hii. Nikipiga simu unasema "tupo" na kukata. Nilikosea. Nipo mbali, nikaona rahisi kukupangia ya kufanya. Niambie tu kama unalala, na kama Baba anakula.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu mpendwa,

Usijali, hasira imeisha. Nilikuwa nimechoka tu, hata kalamu naiona nzito.

Ubao nilianza kwenda nao kliniki. Tukisubiri zamu ya mazoezi, nacheza na dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maneno mengi, anayezisemesha kete zake kama abiria. Baba yako anakaa pembeni, anajifanya anasoma matangazo ukutani.

Jumanne niliona askari wa bure. Nikanyoosha mkono nimtoe malkia wangu nyuma akamle. Baba yako akagonga sakafu na mkongojo. "Siyo!" Neno zima, limenyooka. Watu wote waligeuka.

Dereva akasema, "Mzee, hujaruhusiwa kusaidia!"

Nikatazama tena. Mfalme wangu alikuwa amebanwa nyuma ya askari wake mwenyewe watatu. Malkia akiondoka, ngome ya dereva inashuka hadi mstari wa mwisho, na mimi nimekwisha. Nikamwacha malkia nyumbani. Baba yako akaendelea na matangazo yake.

Tulipofika nyumbani alivuta ubao mwenyewe. Kupanga kete kwa mkono mmoja kulimchukua muda mrefu, sikumsaidia. Mpaka leo tumecheza michezo kumi na tisa. Nimeshinda sita. Nikimfunga ananuna dakika kumi, kisha anapanga upya.

Shida sasa ni kwamba hataki kuacha. Ananigongea mkongojo sijanawa uso. Ananigongea nikiwa na sindano mdomoni. Sare arobaini za shule zinanisubiri, na dada wa mazoezi ananipongeza, eti tuendelee hivyo hivyo. Yeye anarudi kwake saa tisa.

Chukua likizo uje. Usilete zawadi. Kaa mbele ya baba yako ucheze naye, na ucheze kweli. Mimi nitafunga mlango wa chumbani, nilale mchana, mpaka niamke mwenyewe.

Mama yako