Pumzi kwa Waliofukiwa na Mlima

Jumapili, 6 Oktoba

Leo tena — upepo mtupu! Napuliza shakuhachi, filimbi yangu ya mwanzi, mpaka kizunguzungu, wala mwanzi wenyewe hauna huruma. Morio, mume wangu, akapaza sauti toka dukani, anakata tofu, ile jibini yetu ya soya: mama watoto, hiyo filimbi au unawasha jiko? Wateja wakaangua kicheko. Nami pia.

Jioni kwa Mwalimu Kuroiwa. Akaichukua filimbi yangu ileile, akatoa sauti moja tu. Ndefu. Ilianza kama pumzi ya mtu aliyelala, ikajaa chumba kizima, ikafifia. Nywele zikanisimama. Nilisahau hata kushukuru.

Jumatano, 16 Oktoba

Imetoka! Asubuhi, nasubiri soya ichemke. Sijui nilifanya nini — niliacha tu kulazimisha. Sauti nzito, ikanipita mifupani. Haikuwa yangu, nilikuwa njia yake tu. Morio akatokea na kisu mkononi, kimya. Morio, kimya! Mwishowe: hebu tena.

Nikajaribu tena. Wapi!

Jumapili, 3 Novemba

Mwalimu alipatwa na kiharusi. Karudi toka hospitali, anatembea, anaongea, ila mdomo umekwenda upande. Hawezi kupuliza.

Kila Novemba hupuliza hekaluni, kuwaombea waliofukiwa mlima ulipoporomoka. Mkewe, Hisae, yumo. Leo Mwalimu kaniambia: Chizuru, mwaka huu ni wewe.

Mwalimu, nina sauti moja, nayo huja ikipenda!

Akacheka kwa nusu ya uso. Moja inatosha, binti yangu. Wafu hawadai wimbo.

Nikalia njia nzima.

Jumamosi, 16 Novemba

Hekaluni, chumba cha pembeni. Naandika nikisubiri kuitwa. Watu wameshaketi. Morio kafunga duka, kavaa suti nyeusi inayombana tumbo. Anachungulia mlangoni: pumua, mke wangu, pumua tu.

Nimejaribu hapa, taratibu. Hakuna kitu. Mwalimu yuko mbele yangu, amesikia.

Kasisi amegonga kengele. Mlio unakwenda, unakwenda, haufiki mwisho. Zamu yangu ni ukinyamaza.

Mwalimu amenyoosha mkono. Nilidhani ananionyesha njia — hapana. Anataka filimbi.

Mwalimu, nimemwambia, mdomo wako...

Alikuwa mke wangu, kajibu. Basi.

Nimempa kwa mikono miwili. Anaulamba ule upande wa mdomo uliokufa ganzi. Mabega yanapanda, anavuta pumzi — Mungu wangu, pumzi yote hiyo mzee huyu aliificha wapi —